Nyumba Njema ni Mlango: Utetezi wa Makao Nafuu na Yanayofikika kwa Watu Wenye Ulemavu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Maana ya methali hii inajulikana na kila mwanafunzi wa Kiswahili: uzuri wa kitu haumo katika sura yake ya nje, na atakaye kuujua undani wa jambo sharti afungue aingie ndani. Hata hivyo, methali hii imejengwa juu ya dhana ambayo ni nadra kuhojiwa. Inachukulia kwamba kila afikaye mlangoni anaweza kuingia. Kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye safari yake hukomea kwenye vidato viwili vya veranda, methali hiyo hupinduka. Kwake yeye nyumba njema ni mlango, kwa kuwa asipoupita huo, undani wa nyumba utabaki kuwa hadithi ya kusimuliwa na wengine.

Makala haya yananuia kufafanua maana ya makao nafuu yanayofikika na watu wenye ulemavu, kueleza misingi ya kisheria ya haki hiyo nchini Kenya, na kuonyesha jinsi watetezi na mashirika yasiyokusudia faida yanavyoipigania. Mji mdogo wa Ikonge, katika Kaunti ya Nyamira, unatumiwa kama kielelezo. Sababu ni kwamba mijadala mingi ya makao huegemea Nairobi na Mombasa, ilhali idadi kubwa ya Wakenya huishi katika vijiji na masoko madogo kama huo. Hoja inayoongoza makala haya ni kwamba unafuu na kufikika si sifa mbili ambazo moja yaweza kutangulia na nyingine ikafuata baadaye. Nyumba ya bei ya chini isiyoingilika si nafuu kwa yule asiyeweza kuiingia. Vivyo hivyo, nyumba inayoingilika isiyolipika haifikiki.

Istilahi na uzito wake

Kabla ya kuzungumzia kuta na mapaa, ni muhimu kuyatazama maneno yenyewe. Kiswahili kina msamiati mkongwe wa kuwataja watu wenye ulemavu: kilema, kiwete, kipofu, kiziwi, kibogoyo, kibiongo. Maneno haya yana umbo la ngeli ya KI-VI, ngeli ambayo huhifadhi majina ya vitu na ambayo pia hutumika kudunisha. Upatanisho wa kisarufi huyarejesha katika ngeli ya A-WA, kwani husemwa kiziwi amefika wala si kiziwi kimefika. Hata hivyo, umbo hubaki palepale. Ni kweli kwamba si kila nomino ya mtu yenye kiambishi hiki hudunisha. Kiongozi, kijana na kinyozi ni mashahidi. Lakini katika kundi la maneno ya ulemavu, kasoro ya kiungo kimoja hulimeza jina zima la mtu. Ndiyo maana vyama vya watu wenye ulemavu, Kenya na Tanzania, vilishikilia matumizi ya mtu mwenye ulemavu, ambapo mtu hutangulia na hali yake hufuata. Tanzania iliyatumia maneno hayo katika jina la Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010.

Neno jingine ni asiyejiweza. Neno hili husikika sana katika hafla za misaada, na wanaolitumia aghalabu hawana nia mbaya. Lakini linauweka upungufu wote ndani ya mwili wa mtu. Fundi wa cherehani anayetumia kiti cha magurudumu hujiweza kushona, kuhesabu fedha, kulea watoto na kulipa kodi. Asichokiweza ni ngazi, na ngazi ni kazi ya mikono ya mjenzi. Mtazamo huu wa kuutafuta ulemavu katika uhusiano wa mwili na mazingira ndio ulioongoza Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2008.

Neno nafuu nalo linastahili kuchunguzwa. Katika matangazo ya serikali, nyumba za bei nafuu ni nyumba ambazo mwananchi wa kipato cha chini au cha wastani anaweza kuzimudu. Lakini mgonjwa akipata nafuu, huwa amepunguziwa maumivu. Maana hizi mbili hukutana katika suala la makao. Nyumba iliyo nafuu kwa kweli ni ile inayompunguzia mkaaji mzigo, wa fedha na wa mwili pia. Mtu anayelipa kodi ndogo, kisha akamlipa kijana wa kumbeba kila aendapo msalani, hajapata nafuu. Gharama imehamishwa kutoka mkono wa mwenye nyumba hadi mkono wa mbebaji.

Kufikika, kwa upande wake, kusidhaniwe kuwa ni suala la magurudumu peke yake. Mtu asiyeona huhitaji mpangilio usiobadilika kiholela, kingo za ngazi zinazotambulika kwa mguu au fimbo, na mitaro iliyofunikwa. Mtu asiyesikia huhitaji kengele ya mlango inayowasha taa. Mtu mwenye ulemavu wa kisaikolojia aghalabu huhitaji zaidi mwenye nyumba asiyemfukuza kwa sababu ya hofu za majirani. Kizingiti, kwa hivyo, chaweza kuwa cha saruji na chaweza pia kuwa cha moyo.

Ikonge: mvua, mlima na uhaba wa ardhi

Nyamira ni kaunti ya milima, mvua nyingi, majani chai na migomba. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi wake kuwa 605,576, na jirani yake Kisii 1,266,860. Hii ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye msongamano mkubwa wa watu nchini Kenya. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi kipande cha mtu mmoja kikawa chembamba kama ukanda unaoteremka kutoka barabarani hadi mtoni.

Katika Ekegusii, neno enyomba, ambalo ni ndugu wa nyumba ya Kiswahili, hutaja jengo na vilevile hutaja uzao wa mama mmoja. Mtu hutambulishwa kwa nyumba atokayo. Kiswahili nacho kina hisia hiyo, kwani ndoa ikisambaratika husemwa nyumba imevunjika. Kwa hivyo, kumnyima mtu nyumba yake mwenyewe ni zaidi ya kumnyima paa. Ni kumwacha akiwa mgeni wa kudumu katika nyumba za wengine, akihamishwa kutoka kwa mama hadi kwa kaka, na kutoka kwa kaka hadi kwa mpwa, bila ya kuulizwa.

Katika masoko madogo ya nyanda za juu kama Ikonge, nyumba za kupanga hujengwa kwa safu: chumba ubavuni mwa chumba, veranda ndefu mbele, choo cha shimo nyuma. Veranda hiyo huinuliwa juu ya ardhi kwa sababu ya busara. Mvua inaponyesha, maji mekundu huteremka mlimani kwa kasi, na sakafu iliyo sawa na ardhi hufurika. Kidato cha mlangoni hakikujengwa ili kumzuia mtu yeyote. Kilijengwa kuzuia maji. Mtetezi asiyeelewa hilo atamwona fundi wa Kigusii kuwa mkatili, na fundi atamwona mtetezi kuwa asiyejua ujenzi.

Hesabu ndogo inaonyesha ugumu uliopo. Kipimo kinachokubalika sana kimataifa cha mteremko wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kuinuka huhitaji sentimita 12 za urefu. Veranda yenye kimo cha sentimita 15 huhitaji mteremko wa mita 1.8. Veranda ya sentimita 45 huhitaji mita 5.4. Katika ploti ambayo njia ya kupita mbele ya vyumba haizidi mita mbili, mteremko wa mita tano hauna pa kulala. Hii ndiyo sababu kurekebisha nyumba iliyokwisha kujengwa huwa kazi ghali, na mara nyingine haiwezekani kabisa.

Lakini mlima huohuo unaweza kuwa mshirika. Nyumba iliyojengwa kwenye mteremko ina upande wa juu na upande wa chini. Mlango ukiwekwa upande wa juu, ardhi na sakafu hukaribiana bila ya ngazi. Mfereji uliochimbwa kati ya ardhi na ukuta, kisha ukafunikwa kwa wavu imara wa chuma, huyapokea maji na kuyapeleka kando, huku magurudumu yakipita juu yake. Choo cha shimo chaweza kujengewa kiti cha matofali ya kuchoma, vishikio vya bomba ukutani, na mlango mpana unaofunguka kwa nje ili mtu aliyeanguka ndani aweze kuokolewa. Hakuna katika haya jambo linalohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Linalohitajika ni uamuzi kufanywa mapema, kabla ya msingi kuchimbwa.

Sheria inasema nini

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha yanayofikika. Ibara ya 54 inawahakikishia watu wenye ulemavu heshima na uwezo wa kuyafikia maeneo yote, usafiri wa umma na habari. Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliotajwa hapo juu unaongeza mambo mawili ya msingi: katika Ibara ya 19, haki ya mtu mwenye ulemavu kuchagua mahali atakapoishi na atakayeishi naye; na katika Ibara ya 28, haki ya kufaidika na mipango ya nyumba za umma. Aidha, Itifaki ya Afrika kuhusu haki za watu wenye ulemavu, iliyopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2018, ilianza kutumika mwaka 2024.

Kabla ya Katiba hiyo, Kenya ilikuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003. Sheria hiyo iliwataka wenye majengo ya umma wayarekebishe katika muda wa miaka mitano. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, mkazo wake juu ya majengo ya umma uliacha pengo: mtu angeweza kuingia afisini kudai huduma, kisha akarudi jioni kwenye chumba asichoweza kukiingia peke yake. Mei 2025 sheria mpya ilichukua nafasi ya ile ya 2003. Mswada wake uliwasilishwa na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa kuona. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024 nazo zilichukua nafasi ya kanuni za mwaka 1968.

Kuhusu fedha, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 iliweka ushuru wa asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri hulipa kiasi kama hicho. Sheria hiyo inatambua nyumba za kijamii kwa wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Upo pia mpango wa Inua Jamii, ambao huzipa familia zenye watu wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi, na upo msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za mwezi kwa mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa. Ukizitazama hatua hizi kwa pamoja, pengo hujitokeza bayana. Msamaha wa kodi humfaa mwenye kipato kikubwa kiasi cha kutozwa kodi. Shilingi 2,000 humfaa aliye katika uhitaji mkubwa, lakini fedha hizo hugombewa na chakula, dawa na nauli kabla ya kodi ya nyumba kukumbukwa. Kati yao yupo fundi wa cherehani wa Ikonge, anayepata riziki yake kidogo kidogo sokoni, asiye na karatasi ya mshahara na asiyehesabiwa kuwa katika uhitaji mkubwa. Huyo ndiye ambaye mashirika ya utetezi hulazimika kumfikia.

Watetezi na mashirika yao

Kenya ina historia ndefu ya mashirika ya ulemavu. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo nchini Kenya, kinachojulikana kwa kifupi cha APDK, kilianzishwa mwaka 1958, na karakana zake za Bombolulu huko Mombasa zilianza mwaka 1969. Shirikisho la UDPK, linaloviunganisha vyama vya watu wenye ulemavu vyenyewe, lilianzishwa mwaka 1989. Uganda ilitangulia kidogo kwa NUDIPU mwaka 1987, nako Zanzibar Umoja wa Watu Wenye Ulemavu ulianzishwa mwaka 1985. Tofauti kati ya chama kinachowahudumia watu wenye ulemavu na chama kinachoongozwa nao si ndogo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wito wa vyama hivi duniani kote, kwamba pasiamuliwe lolote kuwahusu bila wao kuwapo, ni methali hiyohiyo kwa maneno mengine.

Kwa upande wa makao, nchi ina mashirika yasiyokusudia faida yenye uzoefu. Habitat for Humanity ilianza kazi Kenya mwaka 1982. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, uliundwa mwaka 1996. Wakili Jane Weru, mmoja wa waanzilishi wa Pamoja Trust na baadaye kiongozi wa Akiba Mashinani Trust, ameshirikiana na wakazi hao kwa miaka mingi. Mbinu yao ni rahisi kuieleza ijapokuwa ni ngumu kuitekeleza: wakazi huweka akiba ndogo ndogo katika vikundi, hujihesabu wenyewe nyumba kwa nyumba, kisha huitumia hesabu hiyo kujadiliana na serikali kuhusu ardhi na ujenzi.

Katika mtaa wa Kambi Moto, Huruma, jijini Nairobi, mbinu hiyo ilizaa nyumba za kudumu kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa kuwa ardhi ilikuwa finyu mno, kila familia ilijenga kwenda juu, chumba juu ya chumba, hatua kwa hatua kadiri fedha zilivyopatikana. Hili lilikuwa suluhisho la busara kwa tatizo la bei. Lakini linadhihirisha pia mgongano ulio kiini cha mada hii: ngazi iliyoifanya nyumba iwe nafuu ndiyo inayoweza kumfungia nje asiyeweza kuipanda. Gusii, ambako ardhi inazidi kumegeka na masoko yanaanza kuota ghorofa, itakabiliwa na mgongano huohuo. Jawabu halimo katika kuikataa ghorofa. Limo katika kukubaliana mapema kwamba vyumba vya chini, pamoja na choo na maji, viwe vya kufikika, na visigeuzwe vyote kuwa maduka kwa sababu vinalipa zaidi.

Mifano miwili kutoka Marekani inaweza kumulika njia. Ed Roberts, aliyepooza kwa polio akiwa na umri wa miaka 14, alijiunga na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1962. Mabweni ya chuo hayakuweza kuipokea mashine nzito iliyomsaidia kupumua, hivyo akapangiwa chumba katika hospitali ya chuo. Wenzake wenye ulemavu walipomfuata huko, wodi ikageuka kuwa bweni na bweni likageuka kuwa chimbuko la harakati. Mwaka 1972, yeye na wenzake walianzisha kituo cha kuwasaidia watu wenye ulemavu kuishi maisha ya kujitegemea katika makao yao wenyewe. Ni vyema wanafunzi wa vyuo vikuu wakumbuke kwamba mapambano hayo yalianza na swali la bweni.

Mfano wa pili ni wa Eleanor Smith, aliyepata polio utotoni na kutumia kiti cha magurudumu. Mwaka 1987, huko Atlanta, alianzisha shirika la Concrete Change. Yeye hakudai kila nyumba iwe na kila kifaa. Alidai mambo matatu tu katika kila nyumba mpya: mlango mmoja usio na ngazi, milango ya ndani yenye upana wa sentimita 81 hivi, na choo katika orofa ya chini. Alianza kwa kuwashawishi wajenzi wa nyumba za Habitat mjini humo, yaani nyumba za watu wa kipato cha chini. Mwaka 1992, jiji la Atlanta lilipitisha sheria ya kuzitaka nyumba zinazojengwa kwa msaada wa fedha za umma zitimize masharti ya aina hiyo. Fikra yake ilivuka mahitaji ya mkaaji na kumfikia mgeni. Katika jamii inayosema mgeni njoo mwenyeji apone, nyumba ambayo mgeni mwenye ulemavu hawezi kuingia ni nyumba inayomkosesha mwenyeji tiba yake.

Hatua za utetezi katika mji mdogo

Kutokana na mifano hiyo, yawezekana kueleza jinsi shirika la makao linaloongozwa na watu wenye ulemavu linavyoweza kufanya kazi katika mji wa kadiri ya Ikonge.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu, na kuhesabu ni suala la lugha. Sensa ya mwaka 2009 iliripoti watu wenye ulemavu zaidi ya milioni 1.3, yaani asilimia 3.5 ya Wakenya. Ile ya 2019, iliyowahesabu wenye umri wa miaka mitano na zaidi na kuuliza kuhusu kiwango cha ugumu wanaoupata, iliripoti takriban watu 917,000, yaani asilimia 2.2. Wenye ugumu wa kutembea ndio waliokuwa wengi, wakikaribia watu 400,000. Hesabu mbili zilizotumia maswali tofauti haziwezi kulinganishwa kijuujuu. Mzee akiulizwa kama yeye ni mlemavu, huenda akakana kwa fahari au kwa aibu. Akiulizwa kama anapata ugumu kupanda ngazi, ataanza kusimulia. Anayetafsiri swali kutoka Kiingereza hadi Kiswahili au Ekegusii ndiye anayeamua nani ataonekana katika takwimu na nani atafichika.

Hatua ya pili ni kuongea na mafundi na wenye nyumba kabla ya wanasheria. Mwenye ploti anayejenga safu ya vyumba kumi anaweza kuombwa viwili vya mwisho, vilivyo upande wa juu wa mlima, viwe na mlango mpana usio na kidato. Ikiwa kazi hiyo itafanyika wakati wa ujenzi, nyongeza ya gharama huwa ndogo ikilinganishwa na kubomoa na kujenga upya. Shirika linaweza kumhakikishia mpangaji, au kumdhamini kwa miezi ya kwanza. Kwa njia hiyo hofu ya mwenye nyumba kwamba mtu mwenye ulemavu hatalipa hukutana na ushahidi badala ya lawama.

Hatua ya tatu ni kuziandama fedha za umma. Pale ambapo kaunti au serikali kuu inajenga nyumba au soko, wananchi wana haki ya kushirikishwa. Baraza la maoni likiitishwa katika ukumbi wa ghorofani, bila mkalimani wa lugha ya ishara, ushiriki huo umefungwa kabla ya kufunguliwa. Watetezi hudai ukumbi wa chini, mkalimani, na nakala za ramani zinazoelezeka kwa maneno. Hudai pia fedha zifuatwe na masharti, kama ilivyofanywa Atlanta.

Hatua ya nne, ambayo ni ya mwisho kwa sababu ni ghali na ya polepole, ni mahakama. Januari 2021, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi katika kesi ya Mitu-Bell, iliyotokana na ubomoaji wa makao karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson mwaka 2011, na kuthibitisha kwamba haki ya makao ni haki inayoweza kudaiwa mahakamani. Uamuzi huo haukuhusu ulemavu moja kwa moja. Hata hivyo, unawapa watetezi msingi wa kusema kwamba Ibara ya 43 si pambo la Katiba.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba makao ya watu wenye ulemavu si suala la huruma wala la hisani. Ni suala la vipimo, fedha, sheria na lugha, na katika yote hayo uamuzi wa mapema ndio ulio nafuu. Kidato cha sentimita 15 kisichojengwa hakigharimu chochote. Kikishajengwa, hudai mteremko wa karibu mita mbili au mtu wa kumbeba mwenzake kila siku ya maisha yake.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba hana nafasi katika kazi hii ya saruji na mabati. Anayo. Sheria iliyopitishwa kwa Kiingereza husubiri mtu wa kuieleza sokoni. Swali la kuhesabia watu husubiri mtafsiri mwenye utu. Fundi na mtetezi, ambao wamekuwa wakilaumiana kwa sababu ya kidato kimoja, husubiri neno litakaloyatofautisha maji na mtu. Isitoshe, wahenga hawakukosa kuona: walisema pia hujafa hujaumbika. Yule anayejenga leo nyumba yenye ngazi katika Ikonge, akiwa na miguu miwili yenye nguvu, anajenga mahali atakapozeekea. Siku goti lake litakapokataa, atakuwa nje ya mlango alioujenga mwenyewe, akiutazama.